Bendera Ilikwama, Wakamlilia Mzee Aliye Hai

Sindano inakatika kabla kibuyu cha kwanza cha yerba, chai chungu ya asubuhi, hakijaisha. Nimia Ayala Rotela anakiinua kipande kilichobaki kwenye mwanga wa dirisha, anakitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kuaga, kisha anatamka neno la Kiguarani ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

"Sharubu," anasema. "Mwili wote nimeutarizi salama. Miguu, mkia, kucha. Nikifika kwenye sharubu, sindano inakufa. Nani alimtuma huyu mnyama afuge sharubu?"

Nje kuna baridi ya kusini, kuku wamejikunyata chini ya mchungwa. Ndani, kwenye fremu ya mbao iliyoegemea ukuta, simba wa manjano ameketi juu ya kitambaa cheupe. Nyuma yake umesimama mti mwembamba wenye kofia nyekundu ya uhuru kileleni, na juu yake maneno mawili yanayosubiri uzi: Amani na Haki.

Nimia ana miaka hamsini na tisa. Ni mjane, ana cherehani mbili, moja mbovu. Ndiye mshona bendera wa mji huu mdogo wa Potrero Ybaté, mkoani Guairá. Watu humwita Ña Nimia, kwa heshima anapokuwa mbele yao, na kwa kicheko cha chini chini tangu ule mwezi wa Agosti.

"Wacheke," anasema, akitafuta sindano nyingine kwenye kopo la biskuti. "Kucheka hakuhitaji bitana."

Bendera ya Paraguay ina mistari mitatu ya kulala: nyekundu ya haki, nyeupe ya amani, buluu ya uhuru. Wapo wanaosema rangi hizo tuliziazima kwa Wafaransa. Nimia anasema kama ni kweli, basi Wafaransa walikuwa na akili, maana wao waliishia kwenye rangi.

Sisi hatukuishia hapo. Upande wa mbele tuliweka nyota ya Mei, ile ambayo wazee husema iliwaka usiku wa uhuru wetu mwaka 1811, tukaizungushia tawi la mtende na tawi la mzeituni. Upande wa nyuma tukaweka muhuri wa hazina, yaani simba mlinzi wa kofia ya uhuru. Imekuwa hivyo tangu 1842. Hakuna taifa jingine leo lililojitafutia kazi ya namna hii, nembo moja huku na nyingine kule, katika bendera ile ile.

"Ukitumia kitambaa kimoja," anasema Nimia, "jua likipiga, nyota inatokeza tumboni mwa simba. Utadhani kameza kitu kimemkwama. Kwa hiyo unashona bendera mbili, unazibandika mgongo kwa mgongo, katikati unatia bitana. Sasa hapo una bendera, una shuka, una blanketi. Halafu mtu anakuja kuniuliza, mbona haipepei!"

Alizaliwa karibu na Yataity, kwenye nyumba za wanawake wanaotarizi nguo nyembamba za pamba. Mama yake alimfundisha maua, ndege na buibui. Simba hakufundishwa na mtu. Simba wake wa kwanza, aliyemtarizi akiwa msichana, shule moja ilimrudisha pamoja na salamu za mwalimu mkuu: mbwa ni mzuri sana, lakini wao waliomba simba.

Aliendelea, simba akapata uso. Mwaka 2013, alipokuwa na bendera nane zimekamilika zikingoja wenyewe, serikali ikatangaza kwamba nembo zirudishwe zilivyokuwa zamani.

"Miaka zaidi ya mia na sabini hawakukumbuka," anasema. "Wakakumbuka wiki niliyomaliza kutarizi!"

Baadaye zikaja bendera za kuchapwa kiwandani, nyota huku na nyota huku, simba hayupo kabisa. Kwa bei ya bendera moja ya Nimia unapata za kuchapwa za kutosha kufunika mtaa mzima. Watu wakazinunua, na Nimia akarudia kushona sketi za shule na kupunguza suruali za wanaume waliokonda.

Ndiyo maana manispaa ilipomwita mwezi wa Machi kumwagiza bendera kubwa ya uwanja wa mji, ya kutarizi kwa mkono, pande zote mbili, ipandishwe tarehe kumi na nne Agosti, Siku ya Bendera, alikubali kabla mtu hajamaliza sentensi. Uwanja ulikuwa umejengewa mlingoti mpya, mrefu kuliko mnara wa kanisa. Padri hakuupenda.

Alishona miezi mitano. Mitende yake ilikuwa na mishipa. Simba wake alikuwa na kope.

Wiki ya mwisho alimwita Cirilo Benegas, mtunza bustani wa uwanja ambaye ndiye hupandisha bendera, aje aipime kwenye mkono. Cirilo ni mtu mpole, mwenye mabega ya mbeba magunia. Aliinyanyua bendera, akaiweka chini, akakuna shingo.

"Ña Nimia, mama yangu, hili godoro."

"Godoro ni la mamako. Wewe kazi yako kuvuta. Utavuta au huvuti?"

"Nitavuta. Lakini ile kamba ni ya mlingoti wa zamani. Walinunua chuma kipya, kamba wakaiacha ile ile."

"Basi vuta polepole."

Nimia anakiri kwamba Cirilo alimwambia. Anakiri kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Alisema, ndiyo. Lakini Cirilo husema kila kitu kitakatika. Amesema daraja litakatika tangu nikiwa msichana, na daraja lipo."

Asubuhi ya tarehe kumi na nne kulianguka manyunyu. Hayakuwa mvua ya kuahirisha sherehe, ila yalitosha kulowesha nywele. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa, bendi imesimama, mkuu wa manispaa amevaa tai. Bendi ikaanza wimbo wa taifa, Cirilo akaanza kuvuta.

Pamba hunywa maji, na bitana hunywa zaidi. Bendera ilipanda ikinywa, ikizidi uzito kila mita, na ilipofika katikati ya mlingoti kamba ikaruka nje ya gurudumu la kapi kule juu, ikajibana pembeni. Cirilo akavuta, ikagoma. Akalegeza ili aishushe, ikagoma vilevile. Akaning'inia kwa uzito wake wote, miguu hewani, watoto wakashangilia.

Bendi ilimaliza wimbo wa taifa. Ikatazamana. Ikaanza upya.

"Mara ya pili walipofika mwisho," anakumbuka Nimia, "mkuu wa manispaa akaniangalia mimi. Mimi! Nilijenga mlingoti? Nilinunua kamba? Nimesimama pale na kanzu yangu ya sherehe, viatu vinaniuma, natazamwa kama niliyemwaga supu."

Sherehe ikafungwa harakaharaka. Watu wakatawanyika kukimbia baridi. Bendera ikabaki pale pale, imelowa, imelala kwenye chuma, nusu mlingoti.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli.

Wale waliohudhuria walijua kilichotokea, lakini wengi hawakuhudhuria. Wenye mifugo walikuja mjini mchana, wakaona bendera nusu mlingoti, wakavua kofia. Wakaulizana nani amekufa. Na katika Potrero Ybaté mwezi ule, jibu lilikuwa moja. Don Sindulfo Recalde, mzee wa miaka themanini na sita aliyeongoza bendi ya mji maisha yake yote, alikuwa amelazwa hospitalini Villarrica kwa kifua, na mara ya mwisho alipoonekana alikuwa amebebwa.

Mwuza mikate ya chipa wa kona akamwambia dereva wa lori, dereva akamwambia mwenye bucha. Adhuhuri, redio ya mji ikakatisha polka na kuanza kupiga muziki wa huzuni. Mtangazaji hakusema Don Sindulfo amekufa. Alisema "mji uko kwenye simanzi kubwa", akanyamaza kidogo, na kimya kile kikamaliza kazi.

Zunilda Recalde, binti pekee wa mzee huyo, alikuwa uani akifua. Alikuwa amerudi usiku uliotangulia kumchukulia baba yake nguo safi za kulalia. Alisikia lango linafunguliwa, akageuka, akaona majirani wanaingia na viti.

"Viti vya kwanza sikushangaa," anasema Zunilda, mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito. "Nilidhani kuna mkutano wa ushirika. Halafu nikamwona jirani yangu na sufuria kubwa, ile ya misiba. Akanishika mikono, ina povu la sabuni, akaniambia, 'Jikaze, binti yangu, amepumzika.' Nikamwuliza, 'Nani?' Akanikumbatia."

Simu yake haikuwa na salio. Ya jirani ilikuwa na salio lakini hakuna aliyejua namba ya wodi. Zunilda alikaa kwenye kimojawapo cha vile viti na kulia mbele ya watu waliokuwa tayari wanamenya mihogo. Kisha akaamka, akachukua zile nguo za kulalia zikiwa mbichi, akasimamisha gari la kwanza la kwenda Villarrica. Alilia njia nzima. Dereva naye alilia, kwa kuwa aliwahi kupiga ngoma kwenye bendi ya mzee.

Alimkuta baba yake ameketi kitandani, kitambaa shingoni, anagombana na muuguzi kwamba supu haina chumvi.

"Nilipiga magoti mlangoni," anasema Zunilda. "Yeye akaniangalia, akasema, 'Umechelewa. Na mbona nguo zinachuruzika?'"

Nimia wakati huo hakujua lolote. Alikuwa ameganda uwanjani, chini ya mlingoti, akimsubiri Cirilo aliyekwenda kutafuta ngazi. Ngazi ya kanisa haikufika juu. Ngazi ya zimamoto ilikuwa mji wa jirani. Mafundi wa umeme, wenye gari la ngazi ndefu, walisema watakuja kesho, na kesho ilikuwa sikukuu, kwa hiyo wakasema keshokutwa.

Alipopata habari kwamba mji mzima unamlilia Don Sindulfo kwa sababu ya bendera yake, alitembea mpaka redioni, akamtoa mtangazaji kwenye kiti kwa kumtazama tu, akasema hewani: "Hajafa mtu. Ni kamba." Kisha akarudi uwanjani.

Haikusaidia. Waliokuwa hawajasikia muziki wa huzuni walisikia "hajafa mtu", wakaanza kuuliza ni mtu gani huyo aliyekaribia kufa. Nimia akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa wino mwekundu HAJAFA MTU, akakifunga kwenye mlingoti kwa uzi wa kutarizia. Mzee mmoja aliyepita na punda alikisoma kwa makini, herufi kwa herufi, akavua kofia.

"Samahani, mama. Ni nani huyo ambaye hajafa?"

"Wewe!" Nimia alimjibu. "Wewe hujafa! Nenda nyumbani!"

Siku iliyofuata alikaa hapo hapo kwenye benchi, amejifunika shali, akijibu. Ni kamba. Hapana, mzee yuko hai. Ndiyo, ni mimi niliyeshona. Hapana, si godoro. Jioni manyunyu yalikatika, upepo wa kusini ukavuma, na bendera ikakauka, ikafunguka. Kwa mara ya kwanza ilipepea yote, nyota ikigeuka simba, simba akigeuka nyota, kila ukope wa simba ukionekana kutoka chini.

Uwanja ulikuwa mtupu. Aliyeiona ni Nimia na Cirilo.

"Akasema nini Cirilo?" mwandishi anamwuliza.

"Akasema, 'Bado naona ni nzito.'"

Zunilda aliporudi hakwenda nyumbani kwanza. Alimfuata Nimia kwenye benchi. Walisoma darasa moja, wamekuwa wakikopeshana chumvi maisha yao yote.

"Yamenipata haya kwa sababu ya urembo wako," Zunilda alimwambia. "Watu wanataka bendera, wewe unataka kuonyesha kope. Umeniulia baba kutwa nzima, Nimia. Nimemlilia barabarani kama kichaa."

Nimia ana jibu kwa kila mtu. Anasema alitaka kusema ni kamba. Neno lilifika mdomoni likarudi.

"Kwa sababu alikuwa na haki," anasema sasa, na sindano imesimama. "Kamba ilikuwa mbovu, sawa. Kapi, sawa. Lakini niliambiwa ni nzito, nikaingiwa na kiburi. Nilitaka waone kazi. Miaka yote wanapandisha yale makaratasi ya kiwandani, mimi nikasema, safari hii watanijua. Haya, walinijua."

Wanawake hao wawili hawakusemeshana wiki tatu. Mafundi waliishusha bendera, manispaa ikaikunja ikaiweka kabatini na kupandisha ya kuchapwa. Nimia alitaka kuacha. Aliifunika fremu kwa shuka, akawaambia wenye suruali walete suruali.

Aliyemtoa kwenye hali hiyo ni marehemu mwenyewe.

Don Sindulfo aliruhusiwa kutoka hospitalini mwanzoni mwa Septemba. Nimia alikwenda kumwomba radhi, amebeba sopa, keki ya mahindi na jibini iliyotoka tanurini, uso umekunjamana, akiwa amejiandaa kutukanwa. Alimkuta kwenye kiti cha kamba barazani, anakunywa tereré, yerba ya maji ya baridi, ambayo daktari alimkataza.

"Karibu, muuaji," mzee alisema.

"Don Sindulfo, nimekuja kwa heshima."

"Kaa. Nieleze. Zunilda hasemi vizuri, analia. Watu walikuja wengi?"

"Viti havikutosha."

"Walikula?"

"Walimaliza mihogo yote."

Mzee alitikisa kichwa, ameridhika. Kisha akainama mbele. "Na bendi? Bendi ilipiga nini?"

Nimia alimwambia ukweli, kwamba bendi ilipiga wimbo wa taifa mara mbili na mara ya pili matarumbeta yalikimbilia mbele ya ngoma. Anasema hapo ndipo mzee alipokasirika. Hakukasirika kufishwa, ila alikasirika kuharibiwa wimbo. Alikohoa, akapiga mkono wa kiti, akaapa kwamba hawezi kufa na kuwaacha wale watoto wapige namna ile. Tangu siku hiyo wanabendi huja barazani kwake kila Alhamisi, naye huwafokea mpaka pumzi imwishie.

Zunilda, aliyekuwa jikoni akisikiliza, alitoka na kisu, akakata ile sopa, akampa Nimia kipande cha kwanza. "Imeungua chini," alisema. "Tanuri langu ni bovu," Nimia akamjibu, na wote wawili wakajua yamekwisha.

Siku hizi Nimia anashona kwa namna nyingine. Ameacha pamba nzito. Anatarizi nembo zake kwenye kitambaa chembamba, na bitana anaiweka nyuma ya nembo tu, si bendera nzima. Cirilo huja kupima kwa mkono, na akisema ni nzito, Nimia anafumua. Anafumua akilaani, lakini anafumua. Mwezi wa Mei, siku ya uhuru, bendera mpya ilifika juu kabisa kwa kamba mpya, na mji mzima ulikuja kutazama, wengi wao, anavyoamini yeye, wakitumaini itakwama.

"Ilipofika juu walipiga makofi kidogo," anasema. "Ingekwama wangepiga zaidi."

Oda zimeanza kurudi, shule mbili, ushirika wa wafuga nyuki, kanisa. Anayemsumbua kuliko wote, hata hivyo, ni Don Sindulfo. Mzee amemwagiza bendera ya kufunika jeneza lake, na kila siku mbili hupita kwa mkongojo kuuliza imefikia wapi.

Wanagombania upande. Don Sindulfo anataka simba atazame juu, ili waombolezaji waone anayelindwa. Nimia anasema juu ni nyota, kwa kuwa upande wa nyota ndio uso wa bendera, na mtu hazikwi kinyumenyume.

Asubuhi hii, sharubu za simba zikiwa zimefika nusu, kivuli cha mkongojo kinajitokeza mlangoni.

"Umeamua?" mzee anauliza bila salamu.

"Nyota."

"Simba."

"Basi hatujakubaliana, na sijaanza. Nenda kanywe dawa."

"Nitakushtaki kwa mkuu wa manispaa."

"Kamshtaki. Njiani usianguke, nitasingiziwa mimi tena."

Mzee anageuka, anaondoka akinung'unika, na Nimia anamsindikiza kwa macho dirishani mpaka anapokunja kona. Kisha anaingiza uzi mpya kwenye sindano, mara ya kwanza unakosa tundu, mara ya pili unapita.

Anaulizwa kama kweli upande una maana kubwa kiasi hicho. Anainua mabega.

"Simba, nyota, nitamshonea vyote, si ndiyo bendera yetu?" anasema. "Lakini nimepanga nisikubaliane naye mwaka huu. Mwakani pia sitakubali. Ana kichwa kigumu yule. Bila bendera yake hafi."